Herufi Inapoacha Kusomwa: Kuona na Kuchanganya Mitindo katika Uchoraji wa Ibrahim El-Salahi

Utangulizi

Katika sarufi ya Kiswahili neno "dhahania" lina kazi inayojulikana. Nomino kama uzuri, upendo na ujinga huitwa nomino za dhahania kwa kuwa hutaja mambo yasiyoonwa wala kushikwa. Makazi yake ni akilini. Ilipohitajika istilahi ya kutaja uchoraji usioonyesha mtu, mti wala nyumba, neno hilo hilo lilichukuliwa, na uchoraji huo ukaitwa wa dhahania. Istilahi hiyo imeenea na yamkini itaendelea kutumika. Hata hivyo, imezaa kosa ambalo si dogo. Mtu aliyefunzwa kwamba dhahania ni kile kisichoonekana huikabili picha ya namna hiyo akitafuta wazo lililofichwa nyuma yake. Asipolipata, huamua kwamba mchoraji amemficha jambo, au kwamba hakuwa na jambo la kusema. Kutoka hapo ni hatua fupi kufikia kauli isikikayo mara nyingi, kwamba uchoraji huo ni wa kigeni na hauna maana kwa Mwafrika.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo ni kinyume cha hayo. Uchoraji usioiga umbo la kitu ndio unaotegemea zaidi tendo la kuona, kwa sababu hauna kisa wala sura ya mtu mashuhuri ya kumsaidia mtazamaji. Mfano utakaochunguzwa ni kazi za Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930. Amechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, malighafi yake kuu ni herufi, na herufi ni jambo linalowahusu wanaisimu moja kwa moja. Pili, katika kazi zake hukutana mitindo ambayo kwa desturi hutenganishwa: mwandiko wa Kiarabu, nakshi za nyumbani na vinyago vya Kiafrika, na mafunzo ya vyuo vya Ulaya.

Kuiga, kuvua na kunakshi

Istilahi nyingi za Ulaya za uchoraji huu zina asili katika kitenzi cha Kilatini abstrahere, yaani kuvuta kitu kukitoa mahali kilipo. Waarabu husema tajrid, neno lenye maana ya kuvua au kuacha kitu kikiwa kitupu. Lugha zote mbili zinataja tendo. Kuna kitu kilichokuwapo, na kimeondolewa baadhi ya mavazi yake ili kilichobaki kionekane vizuri zaidi. "Dhahania" haitaji tendo lolote. Hutaja hali ya kukosa umbo. Hapo ndipo tofauti ilipo, na si tofauti ya maneno matupu. Anayetarajia tendo la kuvua atauliza: kimevuliwa nini, na kimebaki nini? Anayetarajia dhahania hana la kuuliza ila: ina maana gani?

Jambo la kustaajabisha ni kwamba wasemaji wa Kiswahili hawakosi uzoefu wa sanaa isiyoiga. Milango ya Lamu na ya Unguja imejaa nakshi ambazo nyingi hazimwonyeshi mtu wala tukio. Mikeka huwekwa ukili wa rangi katika mpangilio unaorudiwa kwa hesabu. Kanga ina pindo, mji na jina, na mara nyingi mji wake ni mchezo wa maumbo tu. Hapana mtu asimamaye mbele ya mlango wa Lamu akadai aelezwe nakshi ile ni picha ya nini. Jicho lake huifuata mistari, hutambua marudio, na huridhika au haliridhiki. Basi ugumu unaodaiwa kuwamo katika uchoraji usioiga hautokani na macho ya watu. Unatokana na matarajio wanayopewa mara tu kazi inapotiwa katika fremu na kutundikwa ukutani.

Kutoka khalwa hadi London, na kurudi

Baba yake El-Salahi alikuwa mwalimu wa Kurani, na darasa lake, ambalo Wasudan huliita khalwa, lilikuwa nyumbani kwake. Hapo ndipo mtoto alipojifunza kuandika kwa kalamu ya mti juu ya ubao, na kuupamba ubao huo kwa nakshi. Hivyo herufi ilimfikia kwa pande mbili kwa wakati mmoja, kama sauti ya kusomwa na kama umbo la kupambwa. Baadaye alisomea sanaa mjini Khartoum, na kuanzia mwaka 1954 hadi 1957 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha Slade, London. Huko alipata mafunzo ya kuchora mwili wa mtu, sura na vitu vilivyopangwa mezani, kama ilivyokuwa desturi ya vyuo vya Ulaya.

Aliporudi Sudan, nchi iliyokuwa imepata uhuru tarehe 1 Januari 1956, alifanya maonyesho ya kazi alizozichora kwa mafunzo hayo. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba watu walifika siku ya ufunguzi, na baada ya hapo hawakuja tena. Wachoraji wengi katika hali hiyo huwalaumu watazamaji kwa kukosa elimu. El-Salahi aliligeuza swali, akajiuliza ni kitu gani watu hao wamezoea kukitazama kwa hiari yao. Aliacha kuchora kwa muda, akasafiri sehemu mbalimbali za nchi, akachunguza mapambo ya nyumba, kazi za mikono na miandiko iliyotundikwa kutani. Katika nyumba nyingi alizoingia, picha ilikuwa ni maandishi.

Hatua zilizofuata zinaeleweka vizuri zikitajwa kwa utaratibu. Kwanza aliandika maneno madogo ya Kiarabu pembeni mwa picha, nayo yakaonekana kama stempu ya barua. Watu wakaanza kusogea. Kisha akayatandaza maneno juu ya picha nzima, nao wakasogea zaidi. Hatimaye akazivunja herufi zenyewe ili aone kinachozipa uhai, na katika vipande vyake akaanza kuona maumbo ya wanyama, mimea na watu. Yeye pamoja na wenzake, miongoni mwao Ahmed Shibrain na Kamala Ibrahim Ishaq, wakaja kujulikana kwa jina la Mkondo wa Khartoum. Uchoraji unaojengwa juu ya herufi ulienea pia katika nchi nyingi za Kiarabu, ukaitwa hurufiyya. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa jina hilo, kwa kuwa "herufi" ni ndugu yake.

Jicho lililojifunza kusoma

Kwa nini herufi iwe na nguvu hiyo machoni? Jibu moja limo katika elimu ya nafsi. Mwaka 1935 Mmarekani John Ridley Stroop alitangaza jaribio ambalo limerudiwa mara nyingi tangu hapo. Watu huonyeshwa majina ya rangi yaliyopigwa chapa kwa wino wa rangi nyingine, mathalani neno "nyekundu" kwa wino wa kijani, na kutakiwa kutaja rangi ya wino. Hukawia na kubabaika, kwa sababu neno hujisoma lenyewe kabla hawajaamua kulisoma. Jicho lililokwisha kujua kusoma haliwezi kwa hiari yake kurudia ujinga wake wa kwanza. Kwa hiyo, mchoraji aiwekapo herufi ndani ya picha anaamsha mazoea ambayo mtazamaji hana uwezo wa kuyazuia. Humlazimisha kuanza kusoma. Akiisha kuanza, herufi hukataa kumaliza neno, na jicho lililokuwa mbioni kuelekea maana hubaki limesimama juu ya umbo.

Msimamo huo ndio kiini cha jambo. Mwaka 1915 Edgar Rubin wa Denmark alieleza picha inayoweza kuonekana kama gudulia, au kama nyuso mbili zinazotazamana. Mtazamaji huona gudulia au nyuso, lakini haoni vyote viwili kama umbo kwa wakati mmoja, kwa kuwa kimoja kikiwa umbo kingine huwa mandharinyuma yake. Mwaka 1923 Max Wertheimer alieleza kanuni ambazo jicho huzifuata katika kukusanya alama: zilizo karibu huunganishwa, zinazofanana huunganishwa, na mstari unaoendelea bila kukatika huhesabiwa kuwa kitu kimoja. Mwandiko wa Kiarabu unazitumia kanuni hizi zote. Herufi zake hushikana mikono, hubadilika umbo kwa kadiri ya mahali zilipo katika neno, na baadhi hutofautishwa kwa nukta tu. Zivue nukta, na ba, ta na tha zinakuwa kitu kimoja. Uvute mkia wa mstari kupita mahali pa haki yake, na jicho litaufuata likitumaini kufika kwenye herufi nyingine, kumbe limefika kwenye pembe ya mnyama au bega la mtu.

Wasomi wa Kiswahili wanaijua hali hii kutokana na hati za kale. Kabla ya hati ya Kilatini kushika mahali pake, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazikuundwa kwa ajili ya sauti zake. Herufi ba iliweza kubeba b, p na mb. Alama moja ya irabu ilitumika kwa i na e, nyingine kwa u na o. Maneno pata, bata na mbata yangeweza kuandikwa sawasawa. Msomaji hakupewa neno likiwa kamili. Alilikamilisha mwenyewe kwa ujuzi wake wa lugha, wa mizani na wa vina. Wale wanaosema kwamba uchoraji wa El-Salahi unamdai mtazamaji kupita kiasi wangefaa kukumbuka kwamba tenzi za pwani zilimdai msomaji wake vivyo hivyo, naye akazisoma kwa furaha.

Picha moja na hesabu yake

Mfano mzuri ni picha iliyochorwa kati ya 1961 na 1965, ambayo jina lake laweza kufasiriwa kuwa "Sauti za Ndoto za Utotoni Zilizozaliwa Upya". Imo katika hazina ya Tate, London. Ni kitambaa chenye zaidi ya mita 2.5 kila upande, na rangi zake ni za udongo: kahawia, hudhurungi, nyeusi na nyeupe iliyofifia. Yako maumbo marefu mithili ya watu, na nyuso zake zafanana na vinyago. Lakini kila ajaribupo mtazamaji kuwahesabu watu hao, hesabu humponyoka. Mstari ulioonekana kuwa ubavu wa mmoja huwa ni mpaka wa mwingine, na penye weupe uliodhaniwa kuwa uwazi hutokeza uso.

Uchache wa rangi hapa si umaskini. Rangi kali zingeligawanya umbo na umbo mapema, na jicho lingemaliza kazi yake kwa mtazamo mmoja. Rangi zilizo karibu huiacha kazi ya kutenganisha mikononi mwa mstari, na mstari wenyewe una tabia ya kalamu ya mwandishi: hunenepa unaposhuka, hukonda unapopinda. Hapana neno linalosomeka humo. Hata hivyo, mkono uliojifunza kuandika juu ya ubao wa khalwa unatambulikana katika kila mpindo.

Mchanganyiko au utohozi?

Wahakiki wengi huzieleza kazi za namna hii kuwa mchanganyiko wa mitindo: sehemu hii ya Kiarabu, ile ya Kiafrika, nyingine ya Kizungu. Maelezo hayo yanatosha kwa katalogi, lakini hayaelezi jinsi mchanganyiko unavyofanya kazi. Mchele na choroko vilivyomwagwa katika kikapu kimoja vimechanganyika, na bado mtu anaweza kuvichambua punje kwa punje. Picha hii haichambuliki hivyo.

Isimu inatoa mfano ulio bora zaidi. Neno la Kiarabu kitab lilipoingia katika Kiswahili, silabi yake ya kwanza ilikuwa sehemu ya shina. Masikio ya Waswahili yaliisikia kama kiambishi cha ngeli, na wingi ukawa vitabu. Vivyo hivyo, jina la Kiingereza la kizuizi cha matope cha gari lilisikika kuwa na kiambishi cha wingi ma-, yakawa madigadi, na umoja wake ukapatikana kuwa digadi. Katika mifano yote miwili Kiswahili hakikuazima tu, kilisikia upya. Kipande ambacho katika lugha ya asili hakikuwa na kazi ya pekee kilipewa kazi mpya na sarufi iliyokipokea.

El-Salahi alifanya tendo hilo hilo kwa macho. Mkia wa herufi, ambao kwa msomaji wa Kiarabu ni sehemu tu ya herufi, aliuona kuwa kiungo: mkono, pembe, tawi. Naye aliutia katika picha yenye kanuni zake za nafasi na uzito, ambazo baadhi yake alijifunza London. Haifai basi kuuliza ni asilimia ngapi ya picha ni ya Kiarabu, kama isivyofaa kuuliza ni herufi ngapi za "vitabu" ni za kigeni. La kuuliza ni hili: ni sarufi ipi iliyopokea, na imekipa kilichopokewa kazi gani?

Pingamizi

Hapana budi kutaja pingamizi lenye uzito. Mkondo wa Khartoum ulichukuliwa na wengi kuwa sura ya taifa jipya, taifa lililo la Kiarabu na la Kiafrika kwa pamoja. Lakini Sudan ya miaka hiyo ilikuwa vitani. Vita vya kwanza kati ya kaskazini na kusini vilianza mwaka 1955 na kusitishwa mwaka 1972; vya pili vilidumu kuanzia 1983 hadi 2005; na mwaka 2011 Sudan Kusini ikawa dola huru. Kwa mtazamaji wa kusini asiyesoma Kiarabu, herufi iliyovunjwa haikuwahi kuwa herufi. Jicho lake halikuanza kusoma, kwa hiyo halikusimamishwa. Pengine aliona humo alama ya wale waliomtawala.

Hata miongoni mwa Wasudan wa kaskazini upinzani ulizuka. Mwaka 1976 kundi lililojiita la Fuwele, ambalo Kamala Ibrahim Ishaq mwenyewe alikuwa mmoja wa viongozi wake, lilitoa ilani iliyokataa sanaa kufungwa na suala la urithi wa taifa. Pingamizi hili halibatilishi yaliyoelezwa juu. Linayawekea mipaka, na linathibitisha hoja ya msingi: kuona kunafunzwa. Macho ya watu wawili mbele ya picha moja hayana historia moja, na mchoraji anayeyatumia mazoea ya kusoma hana budi kujua kwamba anazungumza kwanza na wale wenye mazoea hayo.

Vipande vya karatasi

Mwaka 1975 El-Salahi, ambaye wakati huo alikuwa afisa wa juu katika wizara iliyoshughulikia utamaduni, alikamatwa kwa kushukiwa kuhusika na jaribio la kuipindua serikali. Alizuiliwa zaidi ya miezi sita katika gereza la Kober bila kufikishwa mahakamani. Wafungwa walikatazwa kuwa na karatasi. Alichora kwa siri juu ya vipande vya karatasi za mifuko ya saruji, akavifukia mchangani ili askari wasivione.

Taabu hiyo ilimwachia mtindo. Baadaye, akiishi Qatar, alichora kati ya 1984 na 1985 kazi kubwa ya wino mweusi iitwayo "Lisiloepukika", ambayo sasa imo katika makumbusho ya chuo kikuu cha Cornell, Marekani. Ina vipande tisa vilivyounganishwa. Njia yake ni ya kuanzia penye kiini kidogo, kama mbegu, na kuiacha picha ikue kutoka kipande hiki hadi kile, bila ya umbo la mwisho kuamuliwa mwanzoni. Mistari huvuka mipaka ya vipande, na kwa kanuni ile ya mwendelezo jicho huviunganisha vipande vilivyotengana. Nyuso na viungo vya watu vinabanana humo, na rangi hakuna kabisa. Anayedhani kwamba kuvunja maumbo ni anasa ya wasio na shida aitazame kazi hii. Kilichokuwa swali la macho, yaani vipande huwaje kitu kimoja, hapa kimekuwa swali la mfungwa na la nchi yake. Mwaka 2013 Tate Modern ya London ilifanya maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yote, na hakukuwa na Mwafrika aliyewahi kufanyiwa hivyo hapo kabla yake.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba uchoraji wa El-Salahi hauko mbali na macho bali unayafanyia kazi. Kwamba nguvu yake yatokana na mazoea ya kusoma yanayoamshwa kisha kusimamishwa. Na kwamba mitindo inayokutana humo imepokewa na sarufi moja kwa njia inayofanana na ile ya maneno ya mkopo. Yanayofuata kutokana na hayo ni mawili.

La kwanza lawahusu waundaji wa istilahi. "Dhahania" ibaki katika sarufi, ambako inafaa. Katika sanaa ingekuwa afadhali kusema "uchoraji usioiga", au, pale ambapo asili ya umbo yajulikana kama ilivyo kwa El-Salahi, "uchoraji wa kuvua". Istilahi hizi zinamwelekeza mwanafunzi kwenye tendo.

La pili lawahusu walimu. Swali "picha hii ni ya nini?" limefunga milango mingi. Mwanafunzi na aulizwe jicho lake limeanzia wapi, limefuata mstari upi, limekwama wapi, na ni mazoea gani yaliyolifikisha hapo. Mtoto wa Lamu aliyekulia penye milango ya nakshi anayo majibu ya maswali hayo tangu utotoni. Kilichopungua ni mtu wa kumwuliza.